Jirani Aliuliza Siku Ngapi, Mimi Nikasema Asante

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msije mkamaliza hasira zenu kwa watu wengine, kama nilivyomaliza zangu mimi. Nimekilaumu chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu. Nimemlaumu jirani. Nimeilaumu Amerika nzima na baridi yake. Jamani, nimechoka kulaumu! Aliyedanganya ni mimi.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba kule nyumbani, upande wa Manyoni, na Kiingereza changu nimekiokota kwenye nyumba za wazee ninaowatunza huku. Lakini maneno ya siku ile niliyaelewa yote. Hilo ndilo linaloniuma. Laiti nisingeelewa!

Mume wangu alikuwa anapakia mizigo uwanja wa ndege wa Dulles. Alianguka kazini asubuhi moja, majani ya miti yakiwa yameanza kugeuka rangi, na hakuamka tena. Tulimzika huku huku Virginia. Mengine ya siku zile nayaacha, si hayo ninayokuja kuungama.

Nyumba yetu ya Herndon tulikuwa tumeinunua si zamani. Ni hizi za kushikana ukuta kwa ukuta, kila moja na kipande cha lami mbele ya gereji. Tulipopewa funguo tulipewa na masharti ya chama. Usianike nguo nje. Usipake mlango rangi uitakayo wewe. Usiegeshe mbele ya nyumba boti, wala trela, wala gari la kulala.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Boti! Sisi watu wa Manyoni na boti wapi na wapi?"

Hatukuyafikiria tena masharti yale. Hatukuwa na boti, hatukuwa na trela. Tulikuwa na gari dogo lenye mlango mmoja usiofunguka.

Sasa msiba ulipotokea, watu walikuja. Nawashukuru mpaka leo. Walikuja Watanzania, wakaja Wakenya, wakaja Wakongo kutoka Maryland, wengine sikuwa nawajua hata kwa sura. Wanawake tulijaa ndani, makochi tumeyasukuma ukutani, tumekaa chini kwenye mablanketi. Mama mkwe wangu alikuwa pale. Alikuja kututembelea tangu kiangazi, masikini, akaja kumzika mwanawe.

Wanaume je? Kwetu wanaume hulala nje kwenye msiba. Huwashwa moto, wakakaa, wakazungumza, wakailinda nyumba ya marehemu. Lakini Herndon utawasha moto wapi? Watu wazima walisimama kwenye lami wamekunja mikono kwapani, pua zinawatoka maji. Wengine waliingia kwenye magari yao wakakaa humo kama wanaosubiri abiria.

Ndipo Karanja akaja. Nitamwita hivyo, si jina lake. Alikuwa Mkenya, rafiki mkubwa wa mume wangu, kijana mwenye sauti ya taratibu. Alifanya kazi ya kumtunza mzee mmoja kule Temple Hills, analala huko siku kadhaa kisha anapumzika siku kadhaa.

Karanja alikuwa na gari la kulala. Kuukuu! Lina kitanda, lina jiko la gesi, lina choo cha kujikunja, na ubavuni limepigwa mstari wa rangi ya kahawia. Alilinunua kwa Mzungu mmoja mstaafu. Hakulinunua kwa starehe. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yake. Alilipangia nafasi kwenye uwanja wa kambi huko Greenbelt, akaishi humo baridi na joto, asilipe kodi ya chumba, ili amlete mkewe Wambui na mtoto wao aliyemwacha angali tumboni.

Kitanda cha mtoto alikuwa ameshakitengeneza. Kilikuwa juu ya usukani, kipana kama kabati, na amepigilia ubao pembeni mtoto asije akaanguka. Nilikiona kwa macho yangu. Ubao alikuwa ameupiga msasa mpaka ukawa laini kama shavu.

Alitazama wale wazee kwenye lami akaniambia, "Shem, hawa watagandia hapa. Wacha nilete nyumba yangu."

"Na wewe utalala wapi?"

"Si kwa nyumba yangu! Kwani nimehama? Ni nyumba imekuja matanga."

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu tulipopata habari.

Alipolileta, mama mkwe alitoka nje, akaliwekea mkono ubavuni. Akasema, "Hili ni behewa. Mwanangu alizaliwa nyumba za reli, analala anasikia mabehewa. Basi limemfuata mpaka huku." Wanaume wakaliita Behewa tangu saa ile. Walikaa humo wanacheza karata, wanakunywa chai, wanamzungumza marehemu. Viatu waliviacha nje, vimepangwa kwenye ngazi, kwa sababu Karanja alikuwa na zulia.

Mimi moyo wangu ulipoa. Nilikuwa nachungulia dirishani naona taa ya Behewa inawaka, nasema, mume wangu, hawajakuacha peke yako.

Yale masharti? Yalinijia kichwani, nisiseme uongo tena. Yalikuja nikayafukuza. Nilisema nani ataigusa nyumba yenye msiba? Kwetu hata mwenye kukudai akifika akakuta turubai la msiba, hugeuka akajiunga na wachimba kaburi. Nilidhani dunia nzima iko hivyo.

Mchana mmoja jirani akabisha hodi. Nitamwita Mama Kona, kwa sababu nyumba yake ni ya kona, na alikuwa kwenye kamati ya chama. Mzungu wa makamo, nywele fupi, amebeba keki ya tufaha imefunikwa kwa kitambaa. Aliongea polepole ili nimwelewe. Alinipa pole, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Kisha akasema kuhusu lile gari. Akasema chama hakiruhusu, na tayari kuna watu wamepiga simu kulalamika. Lakini iko nafasi ya kuomba.

"Niambie tu mnalihitaji kwa siku ngapi," akasema. "Mimi nitaongea na kamati. Wataelewa."

Siku ngapi! Ndugu zangu, mnaujua ugumu wa swali hilo? Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa bado nyumbani akihangaikia viza. Mama mkwe alikuwa ameshasema mbele ya wote kwamba matanga hayaanuliwi mpaka Mkubwa afike. Mwenye kutaja siku ya kuanua matanga ni mkubwa wa ukoo. Mimi mke wa kuolewa nitaje siku? Si watu wangesema nimemchoka marehemu kabla udongo haujashuka?

Ningeweza kumwambia, sijui, tunamngoja shemeji yangu. Mbona ni rahisi hivyo! Kiingereza cha hayo maneno ninacho. Lakini nilisema, "Asante. Asante sana."

Nyuma yangu wanawake wamenyamaza wananisikiliza. Siku ile waliokuwepo walikuwa wageni wasiojua Kiingereza, wenye Kiingereza walikuwa kazini. Mama mkwe akauliza, "Kasemaje Mzungu?"

Mama Chantal, Mkongo mmoja aliyekuwa anamenya vitunguu, naye akauliza, "Eh, huyu muzungu anasemaka nini?"

Wote wananitazama. Na wanaume kule Behewani nasikia wanacheka. Nitawaambiaje kwamba wanafukuzwa? Mgeni wa msiba hafukuzwi! Nikafungua mdomo wangu huu nikasema:

"Anatoa pole. Anasema anatuombea."

"Ameeen!" Nyumba nzima. Mama Chantal akainua kisu na kitunguu juu, "Merci mingi, Mama!" Mama mkwe akainuka chini alipokuwa amekaa, akamshika Mama Kona mikono yote miwili, akalia. Na Mama Kona akalia naye. Wakalia pamoja mlangoni, kila mmoja na lake, na katikati yao niko mimi niliyejua yote mawili.

Aliondoka amebebeshwa chapati. Nadhani aliamini kwamba nitampelekea jibu.

Karanja alipotoka Temple Hills alikuta hadithi imeshaenea. Mama mkwe alimsimulia kwa furaha jinsi Mzungu wa kona alivyokuja kutuombea. Karanja akasema, "Kumbe huyo mama ni mtu mzuri! Mimi nilimweka kwa wale wa kupigia polisi simu."

Baadaye akanifuata jikoni. Nilikuwa nakoroga mboga. Akasema kwa sauti ya chini, "Shem, uniambie ukweli. Hakuna mtu ameuliza maneno ya gari? Kule Greenbelt nafasi yangu bado iko. Naweza kulirudisha hata sasa hivi, tutafute njia ingine ya hawa wazee."

Mungu alinipa mlango ule. Aliufungua kabisa! Karanja asingekasirika. Angewasha gari akalipeleka, na wanaume wangejibana sebuleni, na maisha yangeendelea.

Lakini ningeanzia wapi? Nimeshasema Mzungu anatuombea. Wanawake wamesema amina. Mama mkwe amelia. Nikaendelea kukoroga ile mboga.

"Hakuna," nikasema. "Nyumba ya msiba nani ataigusa?"

"Sawa basi. Ukisema wewe imetosha."

Ukisema wewe imetosha! Maneno hayo nayasikia mpaka leo nikiosha vyombo.

Mama Kona alikuja tena. Safari hii hakuja na keki. Akasema kamati imekutana, na kuna watu wakali humo, mmoja anasema leo gari la kulala, kesho boti. Akasema, "Nipe namba ya siku. Hata mkisema mwezi mzima. Lakini lazima niwe na kitu cha kuwaambia, bila hivyo wataita gari la kuvuta magari."

Hapo hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Mume wangu yuko udongoni na ninyi mnahesabu magari! Watu gani ninyi? Mnaishi ukuta kwa ukuta na mtu hamjui hata anaitwa nani, lakini gari lake mnalijua! Yote hayo niliyasema moyoni. Mdomoni ikatoka asante nyingine.

Mama mkwe akaita kutoka ndani, "Ni yule rafiki yetu? Mbona umemwacha mlangoni? Mkaribishe ale!"

Akaingizwa. Akakalishwa. Akapewa sahani ya ubwabwa na maharage. Namwona anatafuna taratibu, ananitazama juu ya kijiko, anangoja jibu. Mimi naangalia ukuta.

"Mwambie asiwe mgeni," mama mkwe akasema. "Mwambie hapa ni kwake."

Nikamwambia Mama Kona kwa Kiingereza, "Anasema asante."

Yaani nilidanganya pande zote mbili! Nilikuwa daraja bovu, kila anayepita juu yangu anatumbukia.

Alipomaliza kula alinishika bega. Akasema, "Sijui kama unanielewa." Nikaitikia kwa kichwa kwamba naelewa. Naye akaenda zake, amekunja uso.

Jumapili tulikwenda kanisani wote, kulikuwa na ibada ya kumwombea marehemu. Karanja alikuwa zamu Temple Hills. Tuliporudi, mbele ya gereji palikuwa wazi. Doa la mafuta, na viatu. Kandambili na viatu vya kushindia vya wanaume, ambavyo walikuwa wameviacha kwenye ngazi ya Behewa walipovaa vya kanisani, vilikuwa vimepangwa vizuri juu ya lami, jozi kwa jozi, kama vile wenyewe wameingia hewani.

Aliyelivuta alikuwa mstaarabu kiasi hicho. Alivipanga viatu!

Mama mkwe alishika kichwa. "Wezi! Wezi wamekuja msibani!" Wanaume wakazunguka mtaa. Mimi nilijua. Niliingia chooni nikafunga mlango, nikafungua bomba la maji ili wasinisikie.

Karanja alipigiwa simu, akaja jioni. Alitazama pale mahali. Akavuka njia moja kwa moja mpaka nyumba ya kona, nasi tukachungulia dirishani. Tukamwona ameinua mikono juu, anauliza. Mama Kona anajibu, anaonyesha kwetu kwa kiganja kilicho wazi. Anaongea kwa kirefu. Na mikono ya Karanja nikaiona inashuka polepole, mpaka ikaning'inia.

Akarudi. Sikuwa na pa kukimbilia, nyumba imejaa watu.

"Kasemaje Mzungu?" mama mkwe akauliza.

Karanja alinitazama. Si kwa ukali. Heri angenitazama kwa ukali! Alinitazama kama mtu anayesoma saa ya mbali. Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Anasema pole, Mama. Anasema ilikuwa makosa kidogo."

"Si nilisema ni mtu mwema!"

"Ni mtu mwema, Mama."

Akatoka, akachuchumaa kwenye lami, akaviokota vile viatu jozi moja baada ya nyingine, akaviingiza ndani visilowe umande.

Jamani! Ule uongo wangu aliuchukua akauvaa yeye. Kwa ajili ya msiba. Kwa ajili yangu niliyemwuza.

Behewa lilipelekwa yadi ya kuhifadhia magari, na kila siku inayopita gharama inapanda. Hati yake ilikuwa bado ina jina la yule mstaafu, naye amehamia Florida. Mpaka alipopatikana akatia sahihi, yadi ilikuwa imeshaliuza. Pamoja na zulia. Pamoja na kitanda cha mtoto na ule ubao wake.

Karanja akawa analala kwenye kochi la mtu Greenbelt. Na mimi nina vyumba, vyumba vitupu! Lakini mjane atamlazaje mwanaume nyumbani? Hata fidia hiyo mila ilininyima.

Shemeji mkubwa alifika, viza ilitoka. Alikaa, akanywa chai, akasema, "Haya, keshokutwa tuanue matanga, watu warudi makazini." Basi! Ilimchukua muda wa kumeza funda moja la chai. Kisha akasikia habari ya Behewa, akashangaa. Akaniuliza, "Kwa nini hukunipigia simu? Si ningetaja siku nikiwa huko huko nyumbani? Kwani lazima nije nayo mkononi?"

Kadi ya simu nilikuwa nayo. Ilikuwa juu ya friji siku zote zile. Hata haikunijia! Nilitaka kupiga kichwa ukutani.

Siku ya kuanua Karanja alikuja. Alinawa, akala, akawasaidia kurudisha makochi mahali pake. Alipokuwa anaondoka nilimfuata mlangoni.

"Karanja, mimi..."

"Shem, wacha. Si leo. Kwa matanga watu hawagombani."

"Basi tutaongea lini?"

"Siku ingine."

Sikumwuliza siku gani. Haikupita muda akahama, nasikia yuko jimbo jingine, anafanya kazi kwenye ghala. Wambui hajaja. Nauli ililiwa na kodi ya chumba. Yule mtoto sasa anaongea, nasikia, anamsalimia baba yake kwenye simu kama anavyomsalimia mgeni.

Mama mkwe alirudi Manyoni. Kila nikimpigia huniambia, "Msalimie yule Mzungu aliyetuombea." Nami hujibu, "Zimefika, Mama."

Hazikuwa zimefika. Wiki iliyopita nilikwenda nyumba ya kona nikazifikisha. Nilimweleza Mama Kona yote, aliyoyasema yeye na niliyoyatafsiri mimi. Akaniambia kwamba kamati ilikuwa tayari kuturuhusu. Walikuwa wanangoja namba tu. Na mpaka siku ile alikuwa akiamini kwamba tulimlisha ubwabwa ili kumdhihaki.

Wenzangu mnaonunua nyumba kwenye mitaa yenye vyama, masharti yao yanaudhi, sitawatetea. Wanachunga lami kama wengine wanavyochunga ng'ombe. Lakini mtu akija mlangoni kwako kukuuliza, mjibu! Hata ukiwa na msiba. Kama hujui, sema hujui. Na kama wenye kujua wako mbali, wapigie simu. Tena usimfanye mkweli aonekane mwongo, na mwongo aonekane mwombezi, eti kwa sababu unaona haya mbele ya wageni. Wageni wataondoka. Mimi wangu wameondoka wote.

Na wewe ninayekuita Karanja, kama gazeti hili linafika huko uliko: ulisema siku ingine. Sasa nauliza, siku gani? Taja wewe, nami nitakuja.